Mguu wenye ganzi baada ya kuzaa: twende kwa mganga yupi?

Wasomaji wapenzi, juma hili nawaomba akina baba nao wasiuruke ukurasa huu kwa kusema, "Haya ni mambo ya wanawake." Mara nyingi anayeshika fedha za nauli ni baba, na swali letu la leo ni swali la nauli pia. Mama amejifungua, mtoto ni mzima, watu wamekuja kupongeza. Lakini mguu wa mama una ganzi, au goti lamkunjika, au wayo waburuzika chini, na majuma yapita. Aende wapi? Zahanati ya kijiji? Nyakahanga? Isingiro? Bukoba? Au mbuzi auzwe, apande basi mpaka Mwanza?

Tuseme yuko mama mmoja upande wa Nkwenda. Simtaji jina kwa sababu si mtu mmoja. Wenzake wako katika vijiji vingi vya Kyerwa na Karagwe. Ni uzazi wake wa kwanza. Uchungu ulianza jioni, akajifungua kesho yake alasiri, mtoto mkubwa, salama. Lakini alipoteremka kitandani akaona wayo wa kulia hauinuki. Akitembea, ncha ya mguu yakwaa kwenye kizingiti, na ngozi ya juu ya wayo yahisi kama imefunikwa kwa kitambaa. Wakarudi nyumbani. Mama mkwe asema, "Ni uchovu wa uzazi, utakwisha." Jirani asema, "Ni ile sindano ya mgongo," ingawa huyu hakupasuliwa wala hakuchomwa sindano hiyo. Shangazi aamini kwamba mtu ameokota udongo wa nyayo zake. Na kijana wa duka la dawa yuko tayari na sindano ya vitamini. Watu wanne, majibu manne, wala hakuna hata mmoja aliyeinama akautazama mguu wenyewe.

Basi tuutazame sisi. Mwili una mishipa ya damu, na una mishipa ya fahamu. Hii ya pili haipitishi damu. Hupeleka habari, kama waya wa simu. Habari moja yashuka kutoka ubongoni: "Inua wayo." Nyingine yapanda: "Hapa pana moto." Mishipa ya miguu hutoka katika uti wa mgongo, ikapita ndani ya nyonga, hapo hapo kichwa cha mtoto kinapopita. Kichwa kikikaa saa nyingi mahali pamoja, huukandamiza mshipa juu ya mfupa. Mshipa uliokandamizwa hulala, kama mkono unavyolala ukiulalia usiku, ila huu hauamki kwa dakika mbili.

Lakini si kichwa cha mtoto peke yake. Pana mshipa upitao nje ya mguu, chini kidogo ya goti, juu ya kifundo cha mfupa unachoweza kukishika kwa kidole. Pale umefunikwa na ngozi tu. Mama akichuchumaa saa nyingi, au akishika magoti yake kwa nguvu anaposukuma, au mguu ukiegemezwa vibaya kwenye chuma cha kitanda, mshipa huo huumia, na wayo hulegea. Ndiyo habari ya mama yetu wa Nkwenda, au huenda ni hiyo. Kwake kuna mambo mawili ya kushuku, goti na nyonga, na kuyatenganisha ni kazi ya mtu mwenye kupima.

Mwingine wayo wake ni mzima, ila goti lamsaliti anapopanda mlima kwenda shambani, au anapoinuka kutoka katika kigoda. Huyo mara nyingi ameumia mshipa wa kinenani, kwa mapaja kukunjwa sana kuelekea tumboni kwa muda mrefu. Wa tatu hana udhaifu wowote, ila upande wa nje wa paja una ganzi au wachoma kama upupu. Huo ni mshipa wa ngozi tu, haukunji goti wala hauinui wayo, na kufunga tumbo kwa kanga kwa kulikaza mno kwaweza kuuonea zaidi. Na wako wale ambao miguu haina neno, bali vidole vya mkono vyajaa sindano usiku, wakaamka kuikung'uta mikono. Hayo hutokana na maji ya mwili kuubana mshipa katika kifundo cha mkono, huanza katika mimba, na kwa wengi huondoka polepole baada ya kuzaa.

Je, mambo haya ni ya kawaida? Si ya kila siku, wala si ya ajabu. Katika uchunguzi mmoja wa Chicago, Marekani, uliotolewa mwaka 2003, waliulizwa wanawake 6,048 waliokuwa wamejifungua. 56 kati yao walionekana na mshipa ulioumia, yaani karibu mmoja katika kila mia. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye uzazi wa kwanza na wale waliosukuma muda mrefu. Kwa nusu yao dalili zilikwisha katika muda wa miezi miwili. Hao walikuwa wanawake waliozalia katika hospitali kubwa ya mji tajiri. Sasa angalia upande wa pili. Kaskazini ya Nigeria, Daktari Kees Waaldijk na mwenzake walichunguza wanawake 947 wenye fistula, watu waliokuwa wameteseka na uchungu wa siku kadha bila msaada, na habari yao ikatolewa mwaka 1994. Wengi wao walikuwa na mguu uliolegea, au waliwahi kuwa nao ukapona. Kadiri uchungu unavyokawia bila msaada, ndivyo mshipa unavyoumia.

Kuhusu sindano ya mgongo, napenda kusema wazi, kwa sababu lawama inayotupiwa ni kubwa kuliko kosa lake. Sindano ile huchomwa chini ya mahali uti wenyewe unapoishia. Huweza kuleta maumivu ya kichwa siku chache, yale yanayozidi ukikaa na kupungua ukilala, nayo yapasa kuambiwa nesi. Ni nadra sana kuumiza mshipa wa mguu. Mama anayeogopa kupasuliwa kwa ajili ya hadithi za sindano hii, akasubiri uchungu wa siku ya pili, ajiweka katika hatari ile ile anayoikimbia.

Sasa tuje kwenye waganga wenyewe. Neno hili kwetu lina taabu, maana mganga ni yule wa zahanati na mganga ni yule wa kibuyu. Nami nasema juu ya wa kwanza.

Kwanza nitoe wale wasiopaswa kuchagua kabisa. Mama ambaye miguu yote miwili inazidi kulegea, au mgongo wamuuma vikali pamoja na homa, au hawezi kukojoa, au hahisi kitu sehemu ya kukalia. Mama ambaye uso umepinda au mkono na mguu wa upande mmoja umekufa. Mwenye maumivu makali ya kichwa, macho yakawa na ukungu, au aliyeshikwa na degedege. Ambaye mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye ndama, au pumzi yambana: huyo haulizi habari ya zahanati wala ya siku ya kliniki. Aende hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku, hata kwa pikipiki yenye watu wawili wa kumshika. Kifafa cha mimba chaweza kuja hata majuma kadhaa baada ya kuzaa, na damu iliyoganda mguuni yaweza kupanda mapafuni. Mambo hayo hayangoji mbuzi auzwe.

Wengine wana wakati wa kufikiri. Na hapa neno langu la kwanza ni hili: anzeni karibu. Katika zahanati mtakuta tabibu au muuguzi mkunga. Hana mashine ya kupima mishipa, lakini ana macho, ana mikono, na ana karatasi ya rufaa. Kazi zake ni tatu. Kuutazama mguu na kuandika ni wapi pana ganzi na ni wapi pana udhaifu. Kupima mambo yanayofanana na haya ila si haya: wingi wa damu, sukari, presha. Na kuwapeni barua. Nimeona watu wakiidharau barua hiyo, wakaenda moja kwa moja hospitali kubwa, wakarudishwa au wakalipa mara mbili. Barua ya rufaa ni nusu ya nauli.

Mwulize kwa maneno haya: "Mguu huu una ganzi tu, au una udhaifu pia?" Swali hili ndilo njia panda. Ikiwa ni ganzi tu ya paja au ya vidole vya mkono, na kila juma yapungua kidogo, hakuna ubaya kungoja mpaka ile siku ya 42, mnapompeleka mtoto kwa chanjo na mama apimwe naye. (Wengi hupima mtoto tu, mama akasimama mlangoni na ganzi yake. Semeni!) Lakini ikiwa wayo hauinuki, au goti lakunjika, msingoje siku ya 42. Nendeni hospitali katika siku chache za kwanza. Si kwa sababu kuna dawa ya ghafula, sababu nitaieleza.

Hospitali zetu mwazijua. Walio Karagwe wanayo Nyakahanga, ya Walutheri, iliyofanya kazi ya hospitali ya wilaya miaka mingi. Na Nyakaiga, ya Jimbo la Kayanga. Walio Kyerwa wanayo Isingiro, upande wa Kaisho, nayo ni ya Jimbo. Si Isingiro ile ya Uganda ng'ambo ya mto. Mguu hauulizwi dhehebu. Nendeni kulikokaribia na kwenye daktari siku hiyo. Kabla ya kutoka pigeni simu, au mtumeni mtu aulize mambo mawili: daktari yupo lini, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo yupo lini. Huyu wa pili watu wengi hawamjui hata jina. Huitwa mfiziotherapia. Nami nathubutu kusema kwamba kwa mama yetu wa Nkwenda huyu ana faida kuliko bingwa yeyote wa mbali.

Nieleze kwa nini. Mshipa uliokandamizwa una namna mbili za kupona. Ikiwa ganda lake tu ndilo lililochubuka, hujitengeneza katika majuma sita hadi miezi mitatu. Ikiwa nyuzi za ndani zimekatika, hazina budi kuota upya, nazo huota polepole mno, kama milimita moja kwa siku. Pima mwenyewe: toka kwenye goti mpaka wayo ni sentimita 30 na zaidi. Kwa mwendo huo ni miezi 10 au mwaka. Hakuna daktari, awe wa Bukoba, wa Dar es Salaam au wa Ulaya, mwenye dawa ya kuufanya mshipa uote mbio. Lakini wakati huo wote wayo unaoning'inia waharibika. Mshipi mnene wa kisigino wafupika, kifundo chakauka, na siku mshipa unapofika na habari yake, "Inua wayo," unakuta mlango umekwisha kufungwa. Ndiyo maana nilisema msingoje. Mtaalamu wa mazoezi atamfundisha mama kukaa chini amenyosha mguu, kupitisha kanga chini ya vidole, na kuuvuta wayo kuelekea kwake polepole, na kurudia mara nyingi kwa siku, wakati mtoto anaponyonya hata. Atatengeneza au kuagiza kibao cha kuushika wayo usianguke. Atachagua kiatu cha kufunga nyuma badala ya ndala. Ni mambo madogo, hayana sifa, na ndiyo yanayoamua kama mama atapanda tena mlima wa shamba lake.

Daktari wa hospitali naye ana kazi yake. Atagonga goti na kisigino kwa nyundo ndogo, atachoma kidogo ngozi hapa na pale, atamwambia mama asimame kwa visigino, kisha kwa vidole. Dakika kumi za kazi hiyo zatosha mara nyingi kujua mshipa upi umeumia na wapi. Asipofanya hivyo, akaandika vidonge vya maumivu bila kugusa mguu, ombeni kwa heshima: "Daktari, twaomba uutazame anavyotembea." Si utovu wa adabu.

Pana jambo moja linalowapoteza wengi. Kwa kuwa ugonjwa ulianza katika uzazi, watu hudhani lazima waende kwa daktari wa uzazi, na wangoja miezi mpaka apatikane. Si lazima. Daktari wa uzazi ni wa kizazi, kidonda cha kupasuliwa, damu, mkojo. Kwa wayo uliolegea, daktari yeyote wa hospitali aliye mwangalifu atosha kuanza. Tena si kila ganzi inayokuja baada ya kuzaa imeletwa na kuzaa. Mguu mmoja, sehemu moja, iliyoanza siku ile ile: hiyo yaelekea kuwa mshipa uliokandamizwa. Lakini nyayo zote mbili zinazochoma sawasawa, kama mtu aliyevaa soksi za moto, zikapanda polepole kwa majuma, hizo ni habari nyingine. Labda ni sukari. Labda ni upungufu wa vitamini, hasa kwa aliyetapika miezi mingi katika mimba. Labda ni virusi vya Ukimwi, ugonjwa ambao katika Tanzania ulionekana kwanza katika mkoa wetu huu wa Kagera mwaka 1983, na ambao leo una dawa njema. Labda ni vidonge vya isoniazidi vya kuzuia au kutibu kifua kikuu, vikinywewa bila vitamini B6 ya kuandamana navyo. Usiache vidonge, rudi kwa aliyekupa, umwambie nyayo zachoma. Haya yote ni ya daktari wa magonjwa ya ndani.

Na mkiona baka juu ya ngozi, limepauka kuliko ngozi nyingine, nalo halihisi sindano wala moto, mwambieni tabibu bila kuona haya. Ukoma haujatoweka katika nchi yetu, na pengine huchemka miezi ile baada ya kujifungua, ukaivimbisha mishipa kwa haraka. Dawa yake hutolewa bure, na kuchelewa ndiko kunakoleta ulemavu, si ugonjwa peke yake.

Je, ni lini basi kupanda basi? Nasema hivi. Ikiwa imepita miezi mitatu, mama amefanya mazoezi kwa uaminifu, na wayo hauna hata dalili ya kujaribu kuinuka. Au udhaifu badala ya kupungua wazidi. Au daktari wa wilaya amekiri kwamba hajui ni nini: hapo nauli ina kazi. Kwanza ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba. Tangu mwaka 2024 Wizara ya Afya imekuwa pia ikiwatuma madaktari bingwa kukaa siku chache katika hospitali za halmashauri; sikilizeni matangazo, maana bingwa akija Kayanga ni nafuu kuliko kumfuata. Zaidi ya Bukoba iko Bugando, Mwanza, ile ya Maaskofu juu ya kilima, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ni ya rufaa kwa Kanda yote ya Ziwa. Mabingwa halisi wa mishipa ya fahamu ni wachache mno nchini, na mashine ya kupima umeme wa mishipa hupatikana mahali pachache. Muhimbili na taasisi yake ya mifupa na mishipa ya fahamu, MOI, ziko Dar es Salaam, mwendo wa siku mbili kwa mtu anayenyonyesha. Kwenda huko bila barua na bila miadi ni kuzitupa fedha barabarani.

Walio Murongo na jirani zake watasema, "Mbarara ni karibu kuliko Bukoba." Kweli, wavuka daraja la Kikagati na kufika mapema, na hospitali ya Mbarara ni kubwa. Simkatazi mtu. Ila mjue kwamba kadi yenu ya bima haitawasaidia kule, na yatakayoandikwa kule hayatafika kwenye jalada lenu la huku msipoyabeba ninyi. Kila karatasi irudi nyumbani.

Kuna shauri moja lisilongoja miezi mitatu, nalo husemwa kwa sauti ya chini au halisemwi kabisa. Mama ambaye mkojo au choo chamtoka bila yeye kutaka. Ikiwa ni matone anapokohoa au kucheka, mengi hupona kwa mazoezi ya misuli ya chini. Ikiwa ni mfululizo, usiku na mchana, nguo haikauki, basi huenda ni fistula, yaani tundu. Mara nyingi mama wa namna hii ana na mguu uliolegea, kwa kuwa kichwa kile kile cha mtoto kilikandamiza vyote viwili. Hii hushonwa. Bugando huitibu, na CCBRT ya Dar es Salaam huitibu bila malipo, nayo ilianza mwaka 2009 kutuma nauli kwa njia ya simu kwa wasiokuwa nayo. Akiingia zahanati aseme neno moja tu, "mkojo", wataelewa. Bwana anayemhamishia mke wake chumba cha uani kwa ajili ya harufu, na ajue kwamba jambo hilo latibika, na ya kwamba mkewe alilipata akimzalia yeye mtoto.

Nirudi nyumbani, maana huko ndiko mguu unakokaa siku zote. Kwetu mama aliyezaa hukandwa kwa maji ya moto. Ni desturi njema, inapumzisha mwili. Lakini ngozi yenye ganzi haipigi kelele. Mama haambii kuwa maji yanachoma, anayemkanda hajui, na jioni malengelenge yametokea juu ya wayo. Kadhalika na kuota moto jikoni katika baridi ya Karagwe asubuhi. Maji yapimwe kwa kiwiko cha anayekanda, si kwa mguu wa anayekandwa. Na mguu wenye ganzi usielekezwe kwenye mafiga.

Sindano za duka la dawa siziungi mkono hata kidogo. Katika tako hupita mshipa mkubwa kuliko yote ya mwili, na sindano iliyochomwa mahali pasipo pake yaweza kuulemaza. Mama akaingia dukani na ganzi, akatoka na mguu uliokufa. Vitamini vya vidonge havina hatari hiyo, lakini visipokosekana mwilini havina faida pia. Kuchanja na kusugua majani makali juu ya ngozi isiyohisi ni kidonda juu ya ganzi. Na yule shangazi wa udongo wa nyayo tumwambie kwa upole kwamba mshipa huu una jina, una njia, na daktari aweza kuonyesha kwa kidole mahali ulipobanwa.

Akina baba, neno lenu. Goti linalokunjika halibebi dumu la maji la lita 20 wala mkungu wa ndizi. Likikunjika njiani, huenda mtoto yuko mgongoni. Mkateni mama fimbo. Chukueni dumu ninyi, au wakubwa wa nyumba. Msimpakie mama kwenye pikipiki peke yake, akiwa amempakata mtoto na wayo usioshika pa kukanyagia. Na kuhusu gharama: huduma ya uzazi katika vituo vya serikali haipaswi kutozwa ada, lakini mguu wa miezi mitatu waweza kuhesabiwa kuwa jambo lingine, tena hospitali za mashirika zina taratibu zao. Ulizeni bei dirishani kabla, na chukueni kadi ya bima mkiwa nayo. Jumuiya zetu huchangia msiba haraka sana. Nauli ya mama kwenda hospitali haizidi sanda na jeneza.

Siku ya kwenda, chukueni kadi ya kliniki na karatasi aliyopewa alipotoka wodini. Katika daftari la mtoto wa shule andikeni: uchungu ulianza saa ngapi na mtoto akatoka saa ngapi, alisukuma muda gani, amelala, amechuchumaa au ameinua miguu, alipasuliwa au hakupasuliwa, sindano ya mgongo ndiyo au siyo, ganzi ilionekana lini kwanza, dawa zote anywazo, hata zile ambazo hapendi mama mkwe azione. Kisha chukueni kalamu, mchore juu ya ngozi yenyewe mpaka wa ganzi, hapa inahisi, hapa haihisi. Mkirudi baada ya mwezi, choreni tena, mlinganishe. Mpaka ukishuka kuelekea vidoleni, mshipa waota.

Na akishika mimba nyingine, jambo hili liandikwe kwenye kadi yake tangu hudhurio la kwanza, ili mkunga ambadilishe mkao mara kwa mara, asiache magoti yashikwe kwa nguvu, wala asimwache asukume saa nyingi bila kumwita daktari. Kwa mama wa namna hii ni afadhali kuzalia hospitali yenye chumba cha upasuaji, na kuhamia karibu nayo juma moja au mawili kabla ya siku, hasa katika masika ya Machi hadi Mei, njia za Kyerwa zinapoteleza.